Ua la Babamkwe

Neno la kwanza alilolisema Mwalimu tangu atoke hospitalini lilikuwa "ua", na nyumba nzima ikashangilia.

Nyumba nzima ni watu wawili tu: mwanawe, mwoka mikate anayetoka kabla jua halijafikiria kuchomoza, na mke wa mwanawe, ambaye mtaa wote unamwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa akikunja pindo la gauni la harusi. Mzee alisimama mbele ya tangi lake la samaki, amejiegemeza kwenye mkongojo, mkono wa kulia ukining'inia tu. Akauegemeza mkongojo kwenye nyonga, akainua wa kushoto, akagusa kioo kwa kidole, akatamka kama mtu asiyewahi kuugua.

"Ua."

Fundi aliiacha cherehani sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa. "Umesema nini, Baba?"

"Ua."

Akainama kutazama. Juu ya jiwe, karibu na tumbawe la zambarau, palikuwa na kitu cha rangi ya hudhurungi kisichozidi punje ya haragwe, chenye shina jembamba na taji la nyuzi zilizopepea majini. Lilikuwa ua kweli. Mtu yeyote mwenye macho angesema hivyo.

"Ua, Baba. Ua zuri," alisema, taratibu na kwa sauti, kama walivyoelekezwa na mtaalamu wa matamshi: mzee akitoa neno, lipokeeni, mrudishieni.

Mzee akatikisa kichwa. "Ua. Ua." Akaipiga sakafu kwa mkongojo, na machozi yakamtoka. Fundi naye akalia, kwa furaha, akampigia simu mumewe kwenye kiwanda cha mikate akisahau kwamba huko simu zinakatazwa. Mumewe alijificha nyuma ya magunia ya unga ili asikie habari hiyo. Wote wawili wakamshukuru Mungu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mwenye furaha apige sakafu.

Tusiwacheke mno. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia Mwalimu mkono, mguu na maneno, yeye aliyefundisha elimu ya viumbe miaka thelathini na mmoja na ambaye hakuwahi kukosa jina la mdudu. Majuma saba hospitalini alitoa miguno tu. Mtu aliyekaa na kiu kiasi hicho hafungui kinywa kuuliza maji yametoka kisima gani.

.

Tangi lenyewe lilikuwa la lita mia tatu, maji ya chumvi, nalo lilikaa sebuleni pamoja na cherehani, meza ya kukatia, magauni yaliyotundikwa na, nyuma ya pazia, kitanda cha mzee. Ndani yake walikuwamo samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliopewa jina la Bwana na Bibi Harusi kwa heshima ya kazi ya Fundi. Na palikuwa na hilo tumbawe la zambarau, lenye matawi kama mti mdogo. Mwalimu alilileta likiwa na ukubwa wa ukucha, mkewe angali hai, na kwa miaka kumi na mmoja lilikuwa limefikia upana wa sahani. Kabla hajaugua hakumruhusu mtu kutia mkono humo. Alipolazwa, mwanawe alibaki na karatasi moja iliyobandikwa ukutani: chakula kiasi hiki, maji matamu kiasi hiki, chumvi kiasi hiki.

Karatasi haikutaja maua. Kwa hiyo Fundi akatumia akili yake. Kama neno pekee la Baba ni ua, basi ua litatunzwa. Alisaga kipande cha kamba wa baharini, akakivuta kwa bomba jembamba la kudondoshea dawa, akakiachia juu ya lile taji. Likafumba, likameza, likafumbua. Alifurahi kama aliyemlisha mtoto.

"Linakula, Baba."

Mzee akageuza uso ukutani.

Baada ya juma moja yalikuwa maua sita. Baada ya majuma matatu Fundi aliacha kuhesabu kwa vidole. Alipiga picha, akamtumia wifi yake na maneno haya: "Maua ya Baba yanazaana." Kila asubuhi alimkokotea mzee kiti hadi mbele ya tangi ili aone, na kila asubuhi mzee alisema neno lake, kila siku kwa sauti ndogo zaidi. Alianza pia kuelekeza mkongojo kwenye rafu, wakampa gazeti. Akalitupa. Wakampa la jana yake.

Siku moja hakusema kitu. Siku iliyofuata alikataa kiti, akabaki nyuma ya pazia.

"Amechoka tu," mumewe alisema.

"Amechoka na nini? Hajafanya kazi yoyote."

"Basi mimi ndiye niliyechoka," akasema mumewe, naye ni kweli alikuwa amechoka.

.

Wifi ndiye mwana wa kwanza wa Mwalimu. Ni mlezi wa bweni la wasichana mia mbili katika mji mwingine, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ile ile anayowaamshia wasichana hao.

"Wifi, sikulaumu," alianza, na Fundi akajua kwamba analaumiwa. "Mtaalamu wa matamshi amenipigia. Anasema Baba alikuwa na neno moja, na sasa hata hilo hana. Mwezi mzima, badala ya kwenda mbele anarudi nyuma. Wewe una magauni yako, ndugu yangu ana tanuri lake. Mimi nina nafasi, nina gari, nina msichana wa kukaa naye. Jumamosi ya juma lijalo nakuja kumchukua."

"Na tangi?"

"Tangi atapewa mtu. Wifi, tunazungumza habari za mtu, wewe unaniuliza tangi."

Fundi alitaka kusema kwamba kila jioni kwa miaka tisa mzee huyu alikaa mita mbili kutoka kwenye cherehani yake, yeye na samaki wake, Fundi na magauni yake, na kwamba alipoletwa katika nyumba hii kama mke, hajui hata kupika uji usio na madonge, ni mzee aliyekula uji ule na kuomba wa pili. Alitaka kusema hajui nyumba hiyo itakuwaje bila yeye. Badala yake alisema, "Sawa, wifi."

Usiku ule alimuuliza mumewe anaonaje. Mumewe aliangalia mikono yake yenye unga kwenye kucha.

"Dada ana nafasi," alisema. "Na akisema amesema. Wewe humjui?"

"Namjua. Nakuuliza wewe."

"Mimi nataka Baba apone. Kama hapa haponi, nifanye nini?"

Hapo ndipo Fundi alipoumia hasa.

.

Siku ya pili yake chumvi ya tangi iliisha. Alikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo, chumba kirefu chenye giza na mataa ya buluu, na alipokuwa akisubiri wapime kilo tano akaitoa simu yake. Alitaka kusikia mtu akisema kitu kizuri siku hiyo.

"Tazama maua ya babamkwe wangu," alimwambia muuzaji. "Lilikuwa moja tu. Nayalisha mwenyewe, kila siku, kamba wa kusaga."

Muuzaji akatazama. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Kisha akamwita mwenzake aliyekuwa akiosha vioo, na mwenzake akawaita wateja wawili waliokuwa wakichagua changarawe.

"Njooni mumwone mama huyu. Wenzake wanalia usiku na mchana namna ya kuyamaliza, yeye anayapikia."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja wa wateja aliomba radhi huku bado anacheka. Fundi alisimama na tabasamu lililoganda, akitamani sakafu ipasuke immeze.

"Hilo ni gugu, mama," muuzaji alisema alipopata pumzi, na, tumpe haki yake, alisema kwa upole. "Ni mnyama, si ua. Anakuja amejificha kwenye jiwe. Hizo nyuzi zina sumu, anawachoma majirani. Ulikuwa na tumbawe karibu?"

"La zambarau."

"Limeanza kuwa jeupe chini?"

Lilikuwa limeanza. Alidhani ni mwanga.

"Basi yaue mapema. Yeyote anayejua matangi akiliona moja tu, neno la kwanza ni hilo: ua."

Alichukua chumvi yake, akatoka, akatembea hadi kona ya barabara, na hapo akasimama. Watu wakampita kushoto na kulia. Mwanamke mmoja alimwambia asogee kidogo. Fundi hakusogea. Kilo tano za chumvi zilikuwa zikimkata vidole, naye alikuwa akilisikia lile neno kwa sauti ya mzee, na ule mlio wa mkongojo sakafuni, na machozi aliyoyapokea kwa furaha.

Mzee hakuwa akitaja kitu. Alikuwa akitoa amri. Na kila alipoamuru, yeye alimjibu: zuri, Baba, zuri sana.

.

Alimkuta nyuma ya pazia, amelala ameelekea ukuta. Aliweka chumvi chini, akapiga magoti kando ya kitanda hata kabla ya kuvua viatu.

"Baba," alisema. "Uliniambia niue."

Mgongo wa mzee haukutikisika.

"Uliniambia niue, mimi nikayalisha. Mwezi mzima umekuwa ukiniambia, na mimi nakuitikia kama mpumbavu. Sikukuelewa, Baba. Nisamehe."

Aligeuka. Ilimchukua muda, maana upande mmoja wa mwili haukutaka kwenda na mwenzake. Alimtazama kwa macho yake ya darasani, yale ya kuhakikisha kama mwanafunzi ameelewa au anabahatisha.

"Ua," alisema, na kwa mkono wa kushoto akafanya ishara ya kunyonga.

"Ndiyo. Kuua."

Basi Mwalimu akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja wa mdomo, kinakwenda na mate, lakini kilikuwa kicheko, na hakikukoma upesi. Alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika Fundi kichwa akakitikisa kama mtu anayepima embe kama limeiva. Kisha, kwa shida, akatoa neno la pili.

"Ndi-yo."

Fundi aliona moyo wake umejaa hadi kooni. Na mtu mwenye moyo wa namna hiyo hafanyi jambo kwa akili. Alikimbilia mkasi wake, akakunja mkono wa blauzi, akautumbukiza tangini na kulikata gugu la kwanza katikati ya shina, chap, na la pili, chap. Nyuma yake mkongojo ukaanza kupiga sakafu kama ngoma.

"Ua! Ua!"

"Naua, Baba."

Mkongojo haukukoma. Alipogeuka alimkuta mzee amesimama mwenyewe, ameegemeza bega ukutani, anaelekeza mkongojo kwenye rafu. Fundi akaenda kwa mazoea hadi kwenye magazeti, akaunyoosha mkono, akauzuia.

"Hapana," alijiambia kwa sauti. "Kutosikia mara moja kunatosha."

Juu ya magazeti palikuwa na safu ya madaftari ya shule ambayo hakuna aliyeyagusa, kwa sababu kila mtu alidhani ni masomo ya zamani. Alichukua la kwanza, mzee akatikisa kichwa. La pili, akatikisa. La tano akalipokea, akaketi, akaliweka mapajani, naye Fundi akawa anafungua kurasa mpaka kiganja cha mzee kilipotua juu ya mmoja. Ulikuwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

"Gugu la jiwe. Usikate, usikwangue, usiponde. Kila kipande kitakuwa gugu zima. Dawa ni chokaa safi, ikorogwe iwe uji mzito, ichomwe kwa bomba la sindano katikati ya mdomo. Zima pampu kwanza. Lisiguswe wala lisipigwe na kivuli, litafumba na kujificha. Yasizidi saba kwa siku, ama maji yataharibika na wote waliomo watakufa."

Fundi aliutazama mkasi uliokuwa bado unadondosha maji mkononi mwake. "Nimekata mawili," alisema.

Mzee akafumba macho, akapumua kwa pua kama walimu wapumuavyo.

.

Walihesabu pamoja: hamsini na tisa, ukiacha vipande. Siku zilikuwa tisa hadi Jumamosi ya wifi. Kwa saba kila siku ilitosha, kwa kujibana.

Chokaa ilikuwamo tayari kwenye kopo la mzee. Bomba la sindano lilitoka kwenye pakiti ya hospitali. Fundi alivaa glavu, akakoroga uji ule kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akaenda kuchoma gugu lake la kwanza, na kabla sindano haijafika, gugu likafumba na kuingia jiweni kama ulimi unaorudi kinywani. La pili hivyo hivyo. La tatu alilikosa, uji ukamwagika ukawa wingu jeupe majini, na Bibi Harusi akakimbilia pembeni.

"Ki..." mzee alisema kutoka kitini. "Ki..."

Fundi alijua anachotaka kusema, karibu amsaidie. Kivuli. Akajizuia, kwa sababu mwezi mzima alikuwa amemsaidia na wote waliona matokeo yake. Akakaa kimya, mkono ndani ya maji. Gugu lilikuwa linafumbua kidogo kidogo, na mzee naye alikuwa analitafuta neno kidogo kidogo, naye hakuwa na la kufanya ila kuwangoja wote wawili.

"Kivuli," mzee akamaliza.

Akahamia upande wa pili wa taa. Akaingiza sindano kwa chini, pembeni, kama anavyopenyeza uzi chini ya ushanga bila kuuvuta. Gugu halikushtuka. Akasukuma. Mdomo ukajaa chokaa, nyuzi zikajikunja, na kile kitu kikasinyaa kikawa doa jeupe.

"Moja," alisema.

"Moja," alisema mzee.

Na kazi ile ikamfungua mdomo. Si kwa muujiza, wala asije mtu akatia chumvi akakwambia alianza kuhutubia. Lakini kila siku kazi ilidai neno, na neno likatafutwa. Siku ya kwanza lilikuwa kivuli. Siku ya pili yakaja zima na washa, za pampu. Siku ya tatu, chini, polepole, bado. Mengine yalikuja yamevunjika, mengine yalikuja yamevaa nguo za mwenzake, maana aliiita sindano "kijiko" siku mbili nzima, na Fundi akaiita kijiko naye ili kazi isisimame.

Siku ya nne Fundi aliharakisha, mkono ukagusa jiwe, na magugu matatu yakafumba kwa mpigo.

"We mjinga," alisema Mwalimu, maneno mawili yameshikana vizuri kabisa.

Fundi aliacha kila kitu, akampigia mumewe. Mumewe akajificha tena nyuma ya magunia.

"Ameniita mjinga."

"Kwa ukamilifu?"

"Kwa ukamilifu. Na 'we' mbele yake."

"Ahsante, Mungu wangu," mumewe alisema.

Gauni la harusi lilichelewa siku mbili. Mama wa bibi harusi alikuja kulijaribisha, akalisogeza puani, akauliza mbona kitambaa kinanuka kamba. Alisema mengine pia, kuhusu mafundi wanaofanyia kazi karibu na mabwawa, na Fundi alisimama akimsikiliza huku ameinamisha kichwa. Aliomba radhi, akaahidi kulifua kwa mkono. Siku nyingine angelia. Siku ile alikuwa na magugu saba ya kuua kabla ya chakula cha mchana, na mwalimu anayemsubiri.

Vile vipande vya mkasi, kwa habari yenu, vilizaa magugu matano. Mzee alimwonyesha moja moja, bila kusema kitu, na lile lilikuwa somo tosha.

.

Jumamosi wifi alifika saa nne asubuhi, na gari limewekwa mto kiti cha mbele na blanketi mpya. Alimkumbatia baba yake, akamgeuza huku na huku kama anayekagua sare.

"Umekonda, Baba. Amekonda," alimwambia ndugu yake, ambaye siku hiyo aliomba ruhusa kazini na sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, akivutavuta suruali yake magotini. Wifi akatazama sebule: magauni, vipande vya vitambaa sakafuni, pazia. "Wifi, sikulaumu. Lakini analala hapa? Katikati ya sindano?"

"Hapo hapo, wifi."

"Basi mfungie nguo zake."

Fundi alitaka kueleza. Lakini kueleza kungekuwa kumsemea mzee mbele ya mzee, na hilo alikuwa ameapa kuliacha. Akaenda nyuma ya pazia, akaanza kukunja mashati. Yalikuwa sita. Alikunja kila moja mara mbili.

"Zi..." ikasikika sauti ya mzee. "Zima."

"Anasema nini?" wifi akauliza. "Zima nini? Taa?"

Fundi alitoka na shati mkononi. "Pampu, wifi. Yamebaki matatu. Ni saa yake."

Wifi alifungua kinywa, lakini mzee alikuwa tayari anamnyooshea kitu. Ilikuwa tochi. Alimnyooshea binti yake tochi, akamwonyesha kwa kidevu mahali pa kusimama. Na yule mwanamke anayeamsha wasichana mia mbili, ambaye utotoni mwake alichapwa kwa kugusa kioo cha tangi, akaipokea akasimama alipoambiwa.

"Kivuli," mzee akamwonya.

"Nisogee, Baba?"

"Kushoto."

Akasogea. Fundi alichoma la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa chini kabisa ya tumbawe la zambarau, pale lilipokuwa limebabuka na kuwa jeupe, na juu kidogo ya weupe huo ngozi mpya ya zambarau ilikuwa imeanza kushuka. Walingoja gugu hilo lifumbue. Walingoja muda mrefu. Lilipofumbua, Fundi akasukuma chokaa, na tangi likawa safi kwa mara ya kwanza tangu mzee alazwe.

"Mwisho," alisema Mwalimu.

Wifi alizima tochi, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. Sauti yake ya bweni ilikuwa imekwisha.

"Baba, nimekuja kukuchukua. Ukae kwangu, nikutunze. Utakuja?"

Mzee alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, shingo ikamvimba.

"Unataka kusema utakuja, Baba? Au unaogopa safari? Sema tu kama ni..."

Fundi akamwekea mkono begani. Katika miaka tisa hakuwahi kumgusa wifi yake bila kualikwa. "Wifi," alisema, "mngoje."

Wakamngoja. Mwanawe wa kiume aliacha kuvutavuta suruali. Nje mtu alipita akiuza vyombo, akanadi, akatokomea. Mzee alilitafuta neno la kwanza akalipata, akalishika, akaenda kutafuta la pili. Aliuinua mkono wa kushoto, akamnyooshea Fundi kidole.

"Huyu," alisema. Akapumzika. "Huyu... anani... sikia."

Hakuna aliyemrudishia neno hilo. Fundi aligeuka haraka, akaenda kuyarudisha mashati mahali pake, na huko nyuma ya pazia alilia kimyakimya, shati la mzee limemziba mdomo, akimshukuru Mungu, akimshukuru mzee, akilishukuru hata lile gugu.

Wifi alikunywa chai, akala mkate wa ndugu yake, akazungumza habari za bweni. Alipoondoka aliuacha mto na blanketi. Mlangoni alimshika Fundi mikono yote miwili, ile yenye harufu ya chumvi, akaitazama badala ya kumtazama usoni.

"Wifi, mimi nilikulaumu," alisema. "Kila niliposema sikulaumu, nilikuwa nakulaumu."

"Nilijua, wifi."

"Ahsante kwa Baba."

.

Siku ya Jumatatu simu iliita. Fundi alikuwa akishona, akaipokea kwa bega.

"Wifi, mpe Baba," ilisema ile sauti. Tangu kiharusi hakuna aliyewahi kumpigia mzee. Ungempigiaje mtu asiyejibu?

Alimpa. Mzee aliibana simu sikioni, akakunja uso. Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani ili kusiwe na kelele. Ikapita dakika nzima. Kwenye simu hapakutoka sauti yoyote: hakuna aliyehimiza, hakuna aliyebahatisha, hakuna aliyemalizia. Fundi alidhani laini imekatika, akasogea, na ndipo aliposikia mtu anapumua huko mbali, anasubiri.

"Ume..." alisema mzee.

Kimya.

"Umekula?"

Ilikuwa zamu ya wifi sasa kuyatafuta maneno, na ilimchukua muda mrefu kuliko baba yake.

"Nimekula, Baba," alisema. "Nimekula, nashukuru."